Mgeni Aja na Jembe Lake

Ndege niliyemchora mara ya kwanza kwa ajili ya khanga yangu alikuwa anapendeza, ila hakuwa kitwitwi. Nilimpeleka Kunduchi akiwa kwenye karatasi ngumu niliyoivingirisha ndani ya khanga isilowe, nikamwonesha bibi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka topeni na ndoo ya chaza kichwani. Akaitua ndoo, akafuta mikono, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Mwanangu, huyu bata wa nani?"

"Si bata, bibi. Ni kitwitwi."

"Kitwitwi?" Akanionesha kwa kidevu kule topeni, ambako kundi zima lilikuwa mbioni. "Kitwitwi gani anasimama hivi kama anasubiri daladala? Hebu mwangalie mwenzake."

Nikamwangalia. Kusema kweli, nilikuwa sijawahi kumwangalia. Nilikuwa nimepekua picha kwenye simu, nikachagua ndege aliyekaa vizuri, nikampamba. Nilitaka watu wa Dar wampende kiumbe ambaye mimi mwenyewe sikuwa nimempa hata nusu saa ya macho yangu. Nikaivingirisha ile karatasi, nikavua viatu, nikakaa juu ya tuta la shamba la chumvi mpaka maji yalipojaa.

Nirudi nyuma kidogo. Kazi yangu ni kuchora vitambaa: sare za harusi, vitenge vya vikundi, mapazia. Mwezi wa nne mwaka juzi nilikwenda Kunduchi kupiga picha marundo ya chumvi kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Ilikuwa maji yamejaa. Kwenye matuta kulikuwa na ndege wadogo wamesimama kwa mguu mmoja, wamejibana, kichwa kimezama mgongoni. Wengi walikuwa wa rangi ya majivu. Lakini katikati yao walikuwamo wengine wekundu, wekundu wa bati lililokula kutu, kuanzia shingoni mpaka tumboni. Nilidhani ni ndege wa aina mbili. Kijana mmoja anayewatembeza wageni kutazama ndege aliniazima darubini yake, akaniambia, "Ni walewale, dada. Hao wekundu wameshavaa. Hao wengine ndiyo wanavaa."

Neno "kuvaa" likaninasa. Siku ile sikurudi na picha ya chumvi hata moja.

Kwa watu wa pwani, kitwitwi ni jina la ukoo mzima wa ndege wadogo wakimbiao topeni. Huyu ninayemsema mimi, wataalamu wanamwita Calidris ferruginea, na hilo neno la pili ni la Kilatini, maana yake mwenye rangi ya kutu ya chuma. Urefu wake ni kama sentimita 20, na uzito wa siku za kawaida ni kama wa yai la kuku. Mdomo wake ni mweusi, mrefu kwa mwili ule, na umepinda kuelekea chini kwenye ncha. Akiruka, utaona kiraka cheupe juu ya mkia. Anaanza kutua kwetu mwezi wa nane, anakaa mpaka wa nne, wengine mpaka wa tano. Sehemu kubwa ya muda huo amevaa majivu. Kaskazi ikikaribia kuisha ndipo anaanza kubadili manyoya, unyoya kwa unyoya, huku anakula usiku na mchana apate mafuta ya safari. Kisha kusi ikianza, msimu uleule ambao majahazi yalikuwa yakitweka tanga kurudi Arabuni, naye anaondoka. Anakwenda Siberia, kaskazini kabisa, kwenye nyika za baridi zilizo jirani na bahari ya barafu. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 9,000, kwa vituo.

Anakwenda kuoa na kuolewa. Ule wekundu ni nguo ya harusi, na anaivalia hapa kwetu.

Kule harusi yenyewe ni fupi. Dume akishapandana anaondoka mapema, halei. Jike peke yake ndiye anayeatamia mayai, kwa kawaida matatu au manne, na kuwalinda vifaranga. Usalama wa mayai hayo nao unategemea panya wadogo wa nyika ile. Mwaka ambao panya ni wengi, mbweha wanashiba panya. Mwaka ambao panya wameadimika, mbweha wanageukia viota. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na sanduku la khanga mpaka kifuniko hakifungi, angesikia habari hizi angesema hapo pana majina ya khanga ishirini.

Mwaka 2024, katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kitwitwi huyu alisogezwa akawekwa kwenye kundi la walio katika hatari ya kutoweka. Safari ya namna yake ni mnyororo. Pakiharibika mahali pamoja pa kulia au kupumzikia, kilomita zote zilizobaki zinakosa mafuta. Na sisi hapa si kituo cha njiani kwake. Anaishi kwetu karibu miezi minane kwa mwaka. Jijini Dar hutamsikia mtu akimtaja.

Ukisema "ndege" mjini, watu wanafikiria kunguru. Nilipokuwa nazunguka na mradi huu wa khanga Kariakoo niliulizwa mara tatu au nne: "Ndege gani dada, kunguru?" Siwalaumu. Kunguru wetu wa kijivu na weusi si wa hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akavuka, akazaana, akala mayai na makinda ya ndege wa mjini mpaka mtoto wa Magomeni anaweza kukua akiamini Mungu kaumba ndege mmoja tu. Lakini humohumo jijini, kwenye mdomo wa Mto Msimbazi, Kunduchi, Mbweni na Kigamboni, maji yakipwa kuna msafara wa dunia nzima.

Rafiki zangu walinishauri nichape fulana. Fulana za mradi tunazijua. Inavaliwa siku ya semina, mwezi unaofuata inapiga deki. Khanga inaingia mpaka ndani. Inambeba mtoto, inafunika unga, inakwenda msibani na shughulini, inatumwa kwa jirani mliyenuniana ikasema yale ambayo mdomo umeshindwa. Tena khanga inasomwa. Mtu akipita na khanga mpya, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye jina. Msomaji wangu wa bara atanisamehe nikikumbusha: khanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yale maandishi yaliyo sehemu ya chini ya mji. Ikikosa kimoja, hicho ni kitambaa tu. Na inauzwa doti, vipande viwili.

Kwa hiyo nikarudi topeni kutafuta mji.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, pwani ya Dar maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Tope linabaki limelala wazi, linang'aa, halina hata alama. Kisha kina mama wanaingia na ndoo na visu vyao, na vitwitwi wanaingia pamoja nao, hatua chache pembeni, hawaogopani. Kitwitwi hasimami. Anakwenda ameinama, mdomo unapanda na kushuka kama sindano ya cherehani, anadunga, anadunga, anavuta mnyoo, anakimbia hatua nne, anadunga tena. Sikuweza kumchora kwa sababu nilikuwa namtafuta ndege, naye alikuwa anaacha mchoro wake chini.

Nilipiga magoti. Kila alipopita palikuwa na matobo, madogo kama yaliyotobolewa kwa njiti ya kiberiti, yamejipanga mistari iliyopinda, mengine mawili mawili, mengine yamekusanyika pale alipopata kitu. Pembeni yake nyayo: vidole vitatu mbele, cha nyuma kinagusa kwa shida, mguu mzima mfupi kuliko kifundo cha kidole gumba changu. Nilitandika karatasi nyembamba juu ya tope, nikanakili kwa penseli tobo moja moja kabla maji hayajarudi. Nilifanya hivyo asubuhi tano. Umbali kati ya tobo na tobo haulingani popote, lakini jicho linaona mwendo. Ningekaa mezani miaka kumi nisingebuni mpangilio ule.

Nyumbani niliyapanga matobo yale meupe kwenye uwanja mweusi, mezani, taa imewaka. Mama akapita na chai, akasimama nyuma yangu. "Leo unachora kanga?" Alimaanisha ndege, yule kanga wa porini mwenye madoa. Nikaweka kalamu chini. Wazee wanasimulia kwamba vazi letu lilipata jina lake hapo: nguo za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kwenye uwanja mzito, watu wakasema zimefanana na manyoya ya kanga, jina likakaa. Nilikuwa nimetoka topeni kwa mtu mwingine kabisa, nikajikuta nimegonga mlango wa nyumba ya kwanza.

Baada ya hapo rangi zikajichagua zenyewe: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni rangi za kisutu, khanga ya bibi harusi. Ndege amevaa kwenda kuolewa, basi na avishwe kisutu.

Kwenye pindo niliwaweka vitwitwi wekundu, wanakimbia kufuatana, mdomo chini, wanazunguka pande zote nne. Wazo langu la awali lilikuwa doti yenye vipande tofauti, kimoja cha majivu, kimoja chekundu, ili mtu aone mabadiliko. Nililipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la khanga Mtaa wa Uhuru, mtu aliyeuza khanga tangu mimi sijazaliwa. Akatikisa kichwa hata sijamaliza. "Doti ni pacha, binti. Mteja akikuta vipande havifanani ataona umemchanganyia." Nikamwelewa. Usiku ule nikapata njia nyingine: kila ndege wa saba kwenye pindo nikamwacha mweupe, mstari tu wa kumzunguka. Huyo bado hajavaa. Napenda kumwona mtu akimgundua baada ya wiki nzima ya kuivaa.

Mzee yule aliipitia kazi yote kwa kidole, pindo, mji, akanyamaza. Kisha: "Jina?"

Nikamsomea. Nilikuwa nimeandika TUWALINDE NDEGE WAHAMAO KWA FAIDA YA VIZAZI VIJAVYO.

"Hilo bango," akasema kwa upole. "Mwanamke atamwambia nani maneno hayo?"

Maneno yake yalinikaa siku nyingi, kwa sababu swali lile ndilo lenyewe. Khanga ni lazima iwe na mtu wa kuambiwa. Nimeona miradi mizuri ya mazingira ikizungumza na hewa: "jamii", "wadau", "vizazi vijavyo". Hakuna anayegeuka, maana hakuna aliyeitwa.

Nikawapelekea swali hilo kina mama wa topeni. Tulikaa chini ya mkungu, maji yanajaa, wanamenya chaza. Mmoja akasema MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Zuri, lakini limevaliwa sana. Mwingine akatoa la ndege wa rangi moja kuruka pamoja, likakataliwa na wote. Basi yule bibi wangu wa bata, aliyekuwa kimya, akasema huku kisu kinaendelea: "Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anakaa miezi minane hapa. Nani kampa jembe? Kaja nalo." Akanyoosha kisu kuelekea kwenye mdomo wa ndege katika mchoro wangu, ule mdomo uliopinda. "Si hili hapa?"

Walicheka mpaka chaza zikamwagika. Mimi nilikuwa naandika haraka kiganjani kwa kalamu ya wino.

MGENI AJA NA JEMBE LAKE. Nilirudi nalo Mtaa wa Uhuru. Mzee akalisoma mara mbili, akacheka kwa pua. "Hili litakwenda. Bibi harusi atalivaa akiingia kwa wakwe, mawifi wataelewa." Mimi nilikuwa nimesikia ndege. Yeye alisikia mke aliyeingia nyumba ya watu na mikono yake, asiyesubiri kulishwa wala kusimangwa. Vyote viwili vimo, na ndiyo khanga.

Kuchapa kuliniumiza. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza: skrini mbili tu, yaani fremu za wavu za kupitishia rangi, ya nyekundu na ya nyeusi. Nyeupe ni kitambaa chenyewe, unakiacha bila kukigusa. Nyekundu inatangulia, nyeusi inafuata, na unaichora nyeusi ipande juu ya nyekundu kwa upana wa uzi, kwa sababu kitambaa husogea mezani na bila hivyo utaona ufa mweupe umemzunguka kila ndege. Hayo yote niliyasimamia. Nilichoshindwa kukisimamia ni moto. Rangi ya aina ile, ikishakauka, inahitaji kupigwa joto kali kwa muda wake ili ishike uzi. Isipopata, inakaa juu ya pamba kama vumbi. Karakana niliyoipa kazi ilikuwa na haraka. Nilipokea doti arobaini, nikafua moja nyumbani kwa sabuni ya mche, maji ya kawaida ya ndoo, na mbele ya macho yangu nyekundu ikachuja. Matobo yote yakawa ya waridi. Nilikaa na beseni lile uani mpaka giza. Karakana ilikataa kurudisha fedha, ikasema wateja hawafui siku ya kwanza. Nusu ya akiba yangu ilipotea hapo. Sikuuza hata moja. Mwanamke anayeokota chaza akinunua khanga ya harusi ya binti yake, ikachuja na kutia madoa nguo nyingine, hatamkumbuka kitwitwi kwa wema.

Ilinichukua miezi mitano kupata fedha nyingine na watu wengine. Safari hii nilisimama kando ya mashine ya joto mwenyewe, na nilifua mara kumi kabla ya kusema sawa.

Katika kila doti inayouzwa, shilingi 3,000 zinakwenda kwenye daftari la kina mama. Wao ndio waliopanga matumizi. Kwanza walijilipa posho ya siku nne kuondoa nyavu kuukuu na chupa kwenye mkondo unaoingia mikokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi wa sita 2019 mifuko imepungua, lakini chupa na nyavu bado zinakuja na kila mvua. Wavu ukilala juu ya tope unamfunga ndege mguu, na hata asipofungwa, mdomo haupiti. Mama naye mkono haupiti. Baadaye zikanunuliwa darubini mbili za mkono wa pili kwa ajili ya watoto wa shule ya jirani, ambao Jumamosi za bamvua wanaongozwa na yule kijana wa darubini.

Sidhani khanga inazuia ukuta kujengwa. Nimeona kona moja ya mashamba ya chumvi ikimwagiwa kifusi wiki ileile tuliyokuwa tunasherehekea doti ya mia, na maji yakijaa ndege wanahitaji mahali pakavu pa kusimama kama wanavyohitaji tope la kulia. Wakikosa pa kusimama wanarukaruka kwa saa nyingi, wanachoma mafuta waliyoyatafuta asubuhi. Nilichoshuhudia ni kidogo zaidi: kwenye mkutano wa mtaa, akina mama watatu walikuja wamevaa khanga ile, wakauliza nani karuhusu kifusi, na mmoja akaeleza habari ya Siberia kwa usahihi kuliko ninavyoieleza mimi. Mwenyekiti aliandika. Kifusi kimesimama, kwa sasa.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilikuwa mgonjwa nikakosa bamvua mbili. Simu ikaita saa kumi na mbili asubuhi, bado kuna kiza dirishani. Alikuwa yule bibi, na nyuma yake nasikia upepo na ndoo zikigongana. Hakusalimu.

"Mwanangu, amka uje," akasema. "Wameanza kuvaa."